Mtia Uzi

Siku alipoachwa hakulia kwa ajili ya talaka. Talaka alikuwa ameshaiona ikija kwa mbali, kama mtu anavyomwona mgeni anayepanda mlima na mzigo kichwani: unajua anakuja kwako, na unajua hukumwalika. Alichokililia ni neno moja.

Walikuwa wamekaa sebuleni, yeye, mumewe, shemeji yake mkubwa, na kaka yake mwenyewe, ambaye alikuja kumsemea lakini mdomo akausahau nyumbani. Yeye aliomba kitu kimoja tu. Hakuomba nyumba, maana nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Hakuomba vyombo wala kitanda. Aliomba agawiwe nusu ya vifaa vya karakana ya viatu, ile waliyoifungua pamoja binti yao akiwa bado mgongoni.

"Vifaa?" mumewe akauliza, akamgeukia kaka mtu kana kwamba amesikia kichekesho. "Vya kufanyia nini? Huyu si fundi, kaka. Huyu ni mtia uzi tu."

Shemeji akacheka. Hata kaka yake alitabasamu kidogo, ile tabasamu ya mtu asiyetaka kuonekana hana adabu ugenini. Yeye akanyanyuka, akachukua begi lake la nguo, akatoka.

Ili neno lile lieleweke lilivyochoma, lazima mtu aijue kazi yenyewe. Kiatu cha mkono hushonwa kwa sindano mbili na uzi mmoja, sindano moja kila mwisho. Unatoboa tundu kwa chuma, sindano moja inaingia kulia, nyingine kushoto, zinapishana ndani ya tundu moja kama watu wawili mlangoni, kisha unavuta. Mshono wa namna hiyo, hata ukikatika mahali, haufumuki. Lakini kabla ya hapo kuna uzi wa kukatwa, wa kupitishwa kwenye nta ili ushike na usioze, na sindano za kutiwa. Mumewe hakuwahi kutia uzi. Alikuwa ananyoosha mkono wake wa kulia kando, bila kugeuza kichwa, na mkewe anaweka sindano mbili zilizo tayari katika kiganja kile. Wakigombana asubuhi, mkono ulinyooka mchana vilevile. Wakifiwa, mkono ulinyooka baada ya matanga. Ungedhani mkono ule una akili zake.

Na jioni, bwana alipokwenda kupiga soga na wenzake, mkewe ndiye aliyekalia kigoda cha fundi, nyuma ya pazia la karakana, na kumaliza viatu vilivyobaki. Wateja walivichukua kesho yake wakimpongeza fundi, na fundi akazipokea pongezi zote, hata moja hakuipeleka nyuma ya pazia.

Kisha akaja msichana mmoja kutiwa soli viatu. Viatu vikatoka, yeye akabaki. Hadithi hiyo haina haja ya kurefushwa, kila mtaa unayo yake.

Mwanamke yule akapanga chumba kimoja, akaweka kiti nje ya mlango, akawa anashona mabegi yaliyochanika na kandambili zilizokatika. Mdomo wake ukawa mchungu. Majirani walimwogopa, na hakuona sababu ya kuwaondolea hofu. Alikuwa na binti aliyeolewa mbali, bonge la nta ya nyuki alilolichukua kwa mama mkwe bila kuaga, na lile neno. Vitu vitatu hivyo ndivyo alivyotoka navyo katika ndoa.

Siku moja akaja kijana mrefu, mwembamba kama mti wa fagio, na mfuko wa gitaa ambao mkanda wake ulikuwa umetoka. Akasimama kumtazama anavyoshona. Alipomaliza, yule kijana akauvuta mkanda kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi, akasema, "Mama, huu mshono umejifunzia wapi?"

"Jela," akamjibu.

Kijana akashtuka, kisha akacheka, na hapo ndipo kazi ilipoanzia.

Alikuwa na kampuni. Yeye ndiye aliyeiita kampuni. Mtu mwingine angeiita chumba na stoo, juu ya duka la vifaa vya umeme, pamoja na meza moja ndefu, mashine mbili za cherehani na jiko la kuchemshia chai. Walitengeneza vitu vya wanamuziki: mikanda ya gitaa, mifuko ya vijiti vya kupigia ngoma, vifuniko vya filimbi, vile vimto ambavyo mpiga fidla huweka chini ya kidevu. Na sharti lilikuwa moja. Hakuna kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Hakuna ngozi, hakuna manyoya, hakuna gundi ya kwato, hakuna hariri. Walitumia turubai, pamba, ngozi bandia, na gome la mti lililolainishwa mpaka likakunjika kama kitambaa. Kuna wanamuziki, kumbe, ambao hawataki kumwimbia mtu mapenzi huku wamebeba ng'ombe begani, na hao ndio walikuwa wateja.

Wafanyakazi walimwita yule kijana Bosi mbele yake, na Bwana Majani nyuma yake, kwa sababu nyama, samaki, mayai na maziwa vyote hakugusa. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwahi kufika pale. Pale hata kwa vidole viwili chawa alikuwa salama.

Mwanamke yule wakamwita Shangazi. Aliyempa jina ni Mama Gundi, mama mnene mwenye cheko la karibu, ambaye kazi yake ilikuwa kubandisha bitana kwa brashi na kujua habari za kila mtu.

Wiki ya kwanza kazini Shangazi alifanya kosa. Bosi alimpa mkanda wa gome la mti, wa mteja wa kwanza aliyetaka mshono wa mkono. Shangazi akakata uzi, akatoa kitambaa chake, akafungua lile bonge la nta, akaupitisha uzi kama alivyofanya maisha yake yote, akaanza kushona. Bosi alipita nyuma yake, akasimama, akanusa.

"Shangazi, hiyo ni nini?"

"Nta."

"Ya nyuki?"

"Sasa ya nani? Ya paka?"

Bosi akavuta kiti, akakaa. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtia Shangazi wasiwasi kuliko matusi. Akaeleza kwamba wateja wameahidiwa. Mtu akiambiwa hakuna mnyama, basi hakuna, hata kwenye uzi.

"Bosi," Shangazi akasema, "nyuki hajachinjwa. Yuko zake anaruka huko. Nani kamdhuru?"

"Hajachinjwa, Shangazi. Lakini ameibiwa. Kafanya kazi mwaka mzima, kajenga, kajaza, halafu mwingine kaja na moshi akamfukuza, akabeba."

Shangazi akakaa na uzi wake mkononi. Mama Gundi alisimulia baadaye kwamba alidhani huyu mama sasa atatukana. Hakutukana. Alilifunga lile bonge katika kitambaa, akaenda nalo dirishani, akalitupa kwenye jalala la nyuma ya jengo.

"Kama ni habari ya wizi," akasema, "naielewa. Nipe hiyo nta yenu."

Akapewa kopo la nta ya majani ya mti, ngumu na kavu, haina harufu. Uzi wote wa ule mkanda akaufumua, akaanza upya. Tangu siku hiyo Bosi akamwachia kiti cha dirishani, penye mwanga mzuri kuliko kote, na Shangazi akakikalia kana kwamba kilijengwa pamoja naye. Alishona. Mikanda yake ikaenda mikononi mwa watu asiowajua, ikapanda majukwaani asikowahi kufika. Mdomo ulibaki mchungu, lakini sasa ulikuwa mchungu na umeshiba.

Kisha ikaja kazi kubwa. Bendi moja yenye watu wengi ilitaka mikanda, mifuko, kila kitu, chote kwa mshono wa mkono. Bosi akasema itabidi kupata fundi wa pili wa sindano mbili, na meza sasa iwe na mkuu wake, mtu wa kupitisha kazi au kuirudisha.

"Mkuu si unaye?" Mama Gundi akasema, akielekeza brashi dirishani.

"Nitachagua kwa mkono, si kwa mdomo," Bosi akajibu. "Aje kwanza huyo fundi, nione wote wawili wanavyoshona."

Shangazi akaendelea kuvuta uzi, lakini moyo ulimruka. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwita mkuu wa chochote. Alilala akiliwaza hilo neno, akaamka nalo.

Fundi wa pili akaja na sanduku la mbao. Shangazi alilitambua sanduku kabla ya mtu, maana kishikio chake cha ngozi alikishona yeye. Kisha akauona mkono. Mumewe wa zamani alikuwa amepungua, mashavu yameingia, shati limepigwa pasi vibaya upande mmoja. Lakini kifua alikuwa bado anakitanguliza.

"Karibu, Fundi," Bosi akasema. "Hawa ndio wenzako."

"Asante, bosi wangu. Mimi kushona nimeanza wewe hujaota hata jino." Akageuka, akamwona. Kidogo akayumba. "Eh! Mama watoto! Kumbe uko huku?"

"Niko."

"Huyu namfahamu sana," akamwambia Bosi, na ubaya wake ni kwamba alisema kwa wema kabisa, kama mtu anayemtolea mwenzake ushuhuda. "Tulikuwa wote karakanani. Alikuwa ananisaidia kutia uzi."

Brashi ya Mama Gundi ikasimama hewani. "Makubwa haya," akasema polepole.

Bosi hakuelewa. Akaweka mezani vipande viwili vya gome la mti vilivyo sawa, akasema kila mmoja ashone mkanda wake. Yule bwana akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akakaa, kama mtu anavyokaa kwake. Shangazi akatazama kiti chake kinavyokaliwa. Akavuta stuli, akakaa upande wa pili wa meza.

Wakaanza kutoboa. Na ukweli usemwe hata kama unauma: mkono wa yule bwana ulikuwa mkono. Matundu yake yalijipanga kama askari wa gwaride, hakuna lililotoka mbele wala kubaki nyuma. Bosi aliinama kuyatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shangazi aliliona lile tikiso. Akamaliza matundu yake, akakata uzi, akaupitisha kwenye nta ya majani, akatia sindano mbili. Kisha mikono yake ikakata uzi mwingine, ikaupitisha, ikatia sindano nyingine mbili. Alipoangalia chini alikuta ameshika jozi mbili za sindano. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili alimtilia nani?

Na hapohapo, upande wa pili wa meza, yule bwana, macho yakiwa kwenye kazi yake, akanyoosha mkono wa kulia kando.

Ukakaa pale hewani, kiganja juu, unangoja.

Mama Gundi aliuona. Bosi aliuona. Shangazi alihisi bega lake mwenyewe linainuka, sindano zimeshatangulia vidoleni, na miaka yote ya kigoda na pazia inamsukuma kutoka nyuma: mpe, ndio kazi yako, mpe. Sindano zilivuka nusu ya meza.

Hapo akauzuia mkono. Akairudisha ile jozi ya pili, akaichomeka kwenye ukingo wa mkanda wake mwenyewe, kwa matumizi ya baadaye, akaanza kushona.

"Sindano ziko kwenye kopo, Fundi," akasema bila kuinua macho. "Na uzi huo hapo."

Yule bwana akautazama mkono wake kana kwamba umemwaibisha kwa makusudi. Akacheka kidogo, akachukua sindano. Akaisogeza mbali. Akaisogeza karibu. Akalamba uzi, akakosa tundu. Akalamba tena.

"Hivi mate si ya mnyama?" Mama Gundi akauliza hewani.

Jasho likamtoka bwana yule. Ndipo akaingiza mkono mfukoni, kama fundi yeyote angefanya uzi ukimshinda, akatoa bonge dogo la manjano, akauburuza uzi juu yake. Harufu ya asali ikatambaa mezani.

Bosi akafumba macho. "Fundi. Hiyo ni nini?"

"Nta, bosi."

"Ya nyuki?"

"Kwani kuna nyingine?"

Mama Gundi aliangua kicheko mpaka akajishika ubavu. Bosi hakucheka. Akaeleza tena yale yale, taratibu, na yule bwana akasikiliza kama mtu anayesomewa sheria za nchi ya ng'ambo. Kisha akaomba radhi, na aliomba kweli, sauti ikashuka. Akasema karakana ameifunga. Watu wananunua viatu vilivyotoka kiwandani. Na macho, akasema, macho siku hizi hayamtaki. Yule mke mdogo naye alisema kucha zake si za kutilia uzi, akaenda zake kwao.

Mama Gundi akamwinamia Bosi, akamnong'oneza, lakini mnong'ono wake uliweza kusikika mpaka duka la chini. "Ndiye aliyemwacha huyu Shangazi. Ndiye huyu."

Bosi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akajikuna shingo.

"Shangazi," akasema, "hata wewe ulikuja na nta. Nilikuachia, ukajifunza. Huyu nikimfukuza kwa nta sitakuwa nimetenda haki. Lakini sitamweka hapa bila wewe kusema. Nisemeje?"

Huu ndio wakati ambao Shangazi alikuwa ameungoja tangu siku ile ya sebuleni. Aliwahi kuutayarishia maneno, matusi ya daraja la kwanza, yaliyopangwa kama vyombo kabatini. Akafungua kabati, akakuta maneno mengine.

"Nta si kosa," akasema. "Nta mtu anaambiwa, anaacha. Mimi nilikuja na nta, ndiyo. Lakini uzi nilitia mwenyewe." Akavuta mshono ukakaza. "Anatoboa vizuri. Mwache. Akae mwisho wa meza kule mlangoni, ashone mifuko ya vijiti. Ila hapa kila mtu anajitilia uzi wake."

"Na meza?"

"Kiti changu anipishe kwanza."

Bosi akauchukua mkanda wa Shangazi, uliokuwa umefika nusu, akaupitisha kidole. Ule mwingine ulikuwa na matundu mazuri, lakini ndani ya matundu hamkuwa na kitu. "Meza ni yako, Shangazi," akasema.

Yule bwana akanyanyuka kutoka dirishani. "Mimi? Nikae chini yako?"

"Si chini yangu. Kando ya mlango."

Akakusanya vyuma vyake, akafunga sanduku, akashuka ngazi, na hatua zake zikasikika mpaka barabarani. Mama Gundi akapiga vigelegele. Shangazi akarudi kwenye kiti chake, kikiwa bado na joto la mtu mwingine, na joto lile halikumpendeza. Alirudi nyumbani jioni akiwa mkuu wa meza. Alitegemea angelala usingizi wa mshindi. Lakini kila alipofumba macho aliuona ule mkono hewani, kiganja juu, na hakujua ni hasira au ni huruma iliyokuwa ikimgeuza ubavu huu na ubavu ule.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja walipofika walimkuta amesimama mlangoni na sanduku lake, amevaa miwani ya bei nafuu, mkono mmoja wa ile miwani umefungwa kwa uzi wa viatu. Hakutoa hotuba. Alisalimia, akaenda mwisho wa meza, akakaa.

Uzi ulimtesa. Alikosa tundu, akakosa tena, akafuta miwani kwa shati, akakosa. Shangazi hakumsaidia. Aliapa hatamsaidia, na kiapo chake hakikuwa cha mchezo. Lakini kule mlangoni kulikuwa na kiza, maana kabati la turubai lilikinga dirisha. Baada ya kuvumilia weee, akanyanyuka, akaichukua taa ya mezani, akaiburuza na waya wake mpaka mbele ya yule bwana, akaiwasha.

"Asante, mama watoto."

"Usinishukuru. Taa ni ya kampuni."

Uzi ukaingia. Akashona mpaka saa ya chai, kisha akauinua mfuko wake wa kwanza. "Mama watoto, hebu uangalie huu."

"Hapa sina watoto. Hapa wananiita Shangazi, au fundi. Chagua."

Yule bwana akafungua mdomo, akaufunga. Ungeweza kuliona lile neno la pili likipanda kooni, likikwama, likirudi.

"Shangazi," akasema hatimaye.

Mama Gundi alicheka mpaka brashi ikamwanguka, na hata Bosi akageukia ukutani. Mwanamume na ndevu zake, anamwita mtalaka wake shangazi! Yeye mwenyewe hakucheka. Aliupokea mfuko, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, akaufuata mshono kwa kidole kutoka mwanzo, mpaka akafika mahali ambapo sindano moja ilipita na nyingine haikupita. Akarudi nao hadi mlangoni, akauweka chini ya taa.

"Fumua," akasema. "Anzia hapa."

Yule bwana akaisogeza miwani yake, akachukua mkasi, akafumua.